Siku Niliyomsomea Susu

Neno disleksia nililisikia mara ya kwanza nikiwa Gredi ya Nane. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: mvivu, kichwa ngumu, yule wa kukaa nyuma. Mwalimu mpya wa Kiswahili alimwita mama shuleni akamwambia, "Huyu mtoto si mvivu. Herufi zinamchanganya. Mpeleke mjini Machakos apimwe, asaidiwe." Mama akakubali. Wallahi nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, sikuhisi hata mkoba mgongoni.

Wiki hiyohiyo susu, nyanya yangu mzaa mama, akafariki.

Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la nyanyake, na mimi ndiye niliyebeba jina la susu. Ndiyo maana mama yangu huniita "mama", na hatanii. Basi wazee wa ukoo hawakuuliza mara mbili. Wasifu wa marehemu ungesomwa na wajina wake. Mimi.

Ningekataa vipi? Susu alinilea. Jioni alikuwa ananipa Biblia nimsomee, na nilipokwama alikohoa, akasema macho yangu yamechoka, tufunge tu tuombe. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunionea huruma bila kunitazama vibaya. Kumwachia mtu mwingine amsomee siku ya mwisho, hapana, hiyo singeweza.

Nikaenda kwa binamu yangu. Tukakaa nyuma ya jikoni tukiambua mbaazi za wageni, yeye akisoma karatasi ya wasifu kwa sauti, mimi nikirudia. Kuzaliwa kwake, ndoa, watoto, kanisa, kisukari. Nikameza yote, hadi mahali pa kuvuta pumzi.

Siku ya mazishi kule Kola nilisimama chini ya hema, karatasi mkononi, nikasema kila neno. Nilipofika pale anaposhukuriwa kwa kulea wajukuu, nililia kidogo, nikaendelea. Wanawake walilia na mimi. Kwa kweli nilikuwa na furaha ndani ya huzuni ile, na sioni aibu kusema.

Nilipokaa, mjomba wangu mkubwa alisimama na kipaza sauti. "Huyu ndiye tuliambiwa ati hajui kusoma? Kumbe ni uvivu tu." Watu wakacheka, kicheko kizuri cha matanga, kile cha kupumzisha machozi. Mama pia alicheka. Nilimwangalia. Sijawahi kumwona akijivunia mimi vile, tangu nizaliwe. Nikanyamaza.

Habari ya kwenda kupimwa ikaishia hapo. Mwalimu alipomuuliza, mama alimjibu kwa heshima kwamba mtoto amepona. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishiwa Matuu. Nami kila nilipoleta matokeo mabaya niliambiwa jambo moja: "Lakini susu ulimsomea."

Nikiwa Gredi ya Kumi, nilileta matokeo mabaya kuliko yote. Mama hakugomba. Alitoa kabatini kijitabu cha mazishi chenye picha ya susu na wasifu uleule, akakifungua mezani. "Hebu nisomee tena. Nimemkumbuka."

Nikaanza. Nilikuwa bado nayo yote, tangu kuzaliwa kwake. Mama alifumba macho, akatabasamu. Halafu akayafungua, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Ruka uanzie hapa."

Nikaangalia chini ya kidole. Herufi zilikuwa zikihama kama kawaida yao. Nilijaribu ya kwanza, nikajaribu ya pili.

Kidole hakikuondoka.

"Kwa hivyo, mama," akaniuliza polepole, "siku ile ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa nimeshika karatasi tu."

Alifunga kijitabu, akaenda jikoni. Nikamsikia akipuliza moto kwa muda mrefu, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.