Salamu Nilizozipunguza Njiani

Nakumbuka mwezi wa kumi wa mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na saba, mwanangu, kwa sababu ndio mwezi nilioaminiwa na mgonjwa nikamwangusha. Umeniambia unataka kuifuata njia niliyoifuata mimi, peke yako, kwa pikipiki. Sikukatazi. Nataka tu uyasikie haya kabla hujafunga mzigo.

Nilikuwa fundi redio pale Mtendeni. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu vya kuazima. Kimoja kilieleza njia ya misafara, jinsi wapagazi wa Kinyamwezi walivyobeba pembe na vitambaa kati ya pwani na Ujiji, wakipumzika hapa kwetu Tabora. Nikatamani kuiona kwa macho sehemu yake ya magharibi: Urambo, Kaliua, mto Malagarasi, kisha vilima vya Uvinza mpaka ziwani. Nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyoifufua mwenyewe. Nikafunga unga, sufuria moja, turubai, viraka vya tairi, dumu la petroli na daftari.

Daftari ndilo lililokuwa fahari yangu. Kila niliposimama niliandika kilomita, lita zilizobaki, hali ya barabara, jina la kijiji. Niliamini kwamba mtu anayeandika kila kitu hawezi kupotea.

Siku ya nne nilifika kijiji kimoja kwenye miguu ya vilima. Sitakitaja, maana wenyewe bado wapo. Nikasimama kwenye kaya iliyo kando ya barabara kuomba maji. Mwenye kaya, mtu wa rika la kaka yangu mkubwa, aliitwa Maganga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unatoka wapi na pikipiki inayolia kama mashine ya kukoboa?"

"Tabora."

"Tabora! Na unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Kufanya nini huko?"

"Kuiona njia."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Njia si ndiyo hii? Umeshaiona. Kaa unywe maji, urudi kwenu."

Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka. Walimwita Mama Kalunde, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa amekonda sana, na miguu imemvimba. Aliposikia ninakoelekea aliomba nisogee. Kwetu mgeni akishasema atokako na aendako, huwa anabebeshwa salamu. Si jambo la ajabu. Nikachuchumaa karibu naye.

Kalunde alikuwa ameolewa na mrina asali, juu milimani. Kutoka hapo ilikuwa kilomita thelathini mpaka njia panda, halafu kilomita kumi na nne za kupanda. Mtandao wa simu haukuwapo huko. Maganga hakuweza kumwacha mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyemnyanyua na kumgeuza.

"Mwambie Kalunde aje," mama alisema. "Asisubiri kupata cha kuleta. Aje mikono mitupu."

Maneno hayo, mwanangu, yana uzito unaoujua kama umekulia kwetu. Binti aliyeolewa haji kumwona mama yake bila kitu. Huja na kuku, au unga, au asali, na kama hana, husubiri mpaka apate. Mama anayemwambia binti aje mikono mitupu anamwambia kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Mimi nililielewa hilo pale pale. Siwezi kusingizia ujinga.

Nikaandika kwenye daftari.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mama."

"Nisomee."

Nikamsomea neno kwa neno. Akafumba macho, akasema, "Ndivyo hivyo." Maganga alinisindikiza mpaka barabarani, akaushika usukani wa pikipiki kama mtu anayemshika mwenzake mkono.

Nilipofika njia panda nilizima injini, nikafungua daftari. Kwa hesabu zangu, petroli ya uhakika ilikuwa mbele sana, kwenye kituo cha biashara karibu na Uvinza. Nikipanda mlima na kushuka, nitakuwa nimekula akiba. Njia ile ya juu ilikuwa ya mawe, nyembamba, imechimbika katikati. Tena jua lilikuwa limeshapita utosini, na mimi nilikuwa nimejiwekea kituo cha kulala. Ratiba ile hakuna mtu aliyenipangia. Niliipanga mwenyewe, nami nikaitii kama amri ya serikali.

Pale njia panda kulikuwa na mama anayeuza chumvi, sabuni na maandazi.

"Mama, unamfahamu Kalunde, mke wa mrina asali wa huko juu?"

"Namfahamu vizuri. Hushuka kununua chumvi. Jumamosi hakosi."

"Mwambie mama yake anamsalimu sana."

Akanitazama, akangoja. "Basi?"

"Basi."

Nimelifikiria neno hilo moja kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kwa nini sikumwambia yote? Kwa sababu ningesema kuna mgonjwa, na binti anatakiwa aende mikono mitupu, mama yule angeniuliza kwa nini siendi mwenyewe, na pikipiki ninayo. Nikapunguza salamu ili isionekane nimekwepa. Nikaondoka. Kwenye kituo cha biashara nilipima tangi, nikaandika: zimebaki lita mbili. Nilifurahi kwamba hesabu yangu imetoka salama.

Ziwa nililiona. Nililala Ujiji siku mbili, nikageuza. Siku ya sita baada ya kuachana na Maganga nilipita tena njia panda. Yule mama wa maandazi hakuwapo siku hiyo. Mnyororo wa pikipiki ulikuwa umelegea, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa milima, na nilikuwa nimechoka. Sikupanda. Nilitaka hata kukipita kile kijiji bila kusimama, lakini Maganga aliusikia mlio wa injini kabla sijafika, akatoka barabarani.

Akanipeleka kwa mama. Alikuwa amehamishiwa ndani. Aliinua kichwa, akaangalia mlangoni, nyuma yangu, kama kuna mtu anayefuata.

"Ulimwona?"

Nikasema, "Nilimwona, mama. Nimempa maneno yako yote. Anakuja."

Alishika kidole changu kimoja, akakishikilia. Maganga akasema, "Basi mimi niliyetaka kwenda kumwita kesho nimepona safari. Jirani alishakubali kukaa na mama." Akanishukuru. Akanipa mahindi ya kuchoma ya njiani. Nikayala, mwanangu. Nilikuwa na njaa.

Nyumbani Itetemia niliketi na baba mkubwa, aliyenilea, nikamsomea daftari lote. Alikuwa mtu wa shamba la tumbaku na kanisa, mpole, hapendi maneno mengi. Babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi wale wa misafara. Aliposikia kilomita na lita alikuwa anaitikia tu. Kisha akauliza, "Na salamu? Ulibebeshwa zipi?"

Nikamweleza habari ya Mama Kalunde kwa kupitisha, kama jambo dogo. Akanisimamisha.

"Mama alikuuliza nini uliporudi?"

"Kama nilimwona."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Akalichukua daftari mkononi mwangu, akalifunga polepole.

"Babu yangu alibeba mzigo wa watu asiowajua mpaka Ujiji," akasema. "Aliyeshindwa aliutua chini mchana kweupe, akasema, nimeshindwa, na mwenzake akaubeba. Wewe umeutupa porini, ukarudi kusema umefika. Sasa wanakaa wanausubiri. Rudi. Kesho."

Sikurudi kesho. Mvua za kwanza zilinyesha, nikasema barabara haipitiki. Kisha zikawa kazi za watu dukani. Kisha ikawa aibu tu, nayo haikuhitaji sababu nyingine. Nilirudi mwezi wa tano, mvua zilipokatika.

Maganga alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza kwanza. Alinipa kiti na maji. Mama alikuwa amefariki wiki tatu baada ya mimi kupita.

"Alikuwa anauliza mlangoni ni nani, kila akisikia mtu," Maganga alisema. "Mpaka mwisho. Tukasema, Kalunde ameitwa, amekataa kuja. Wewe ndiye shahidi wetu. Kwenye msiba nilisimama nikasema, yupo mtu wa Tabora aliyempa maneno kwa mdomo wake."

Mwezi wa kwanza, akaendelea, Kalunde alikuja na ndoo ya asali, anacheka tangu barabarani, anaita "Mama!" Ndugu wakamzuia pale pale uwanjani. Wakamwambia mama yumo kaburini na yeye hana kwao. Hakuruhusiwa hata kukaa chini alie. Wakamrudisha na ndoo yake.

Nikatua kikombe. Nikamwambia Maganga kwamba sikumwona dada yake. Nikamweleza njia panda, na maandazi, na "basi".

Sikuogopa anipige, niliogopa asinipige. Mwishowe akasema, "Mimi nilikuwa nakwenda kumwita mwenyewe kesho yake. Unakumbuka nilikwambia?"

"Nakumbuka."

"Basi ungenyamaza tu. Ungepita." Akasimama. "Nenda kamwambie yeye. Mimi siwezi kuyasema haya kwa mdomo wangu. Ukimleta, nitakuwa hapa."

Ndipo nilipoipanda ile njia. Niliandika, kwa mazoea: kilomita kumi na nne, dakika hamsini. Baadaye nilipopima tangi, kwenda na kurudi, petroli iliyotumika haikufika lita moja.

Kalunde alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Alinisikiliza akiwa amesimama, akiwa na mchi mkononi.

"Salamu zilinifika," akasema. "Yule mama alinipa kama ulivyompa. Nilifurahi sana. Nikasema, kama mama ananisalimu tu, basi hajambo. Ngoja mume wangu arine asali ya Desemba, nimpelekee." Akanisogelea. "Mama mwenyewe alisemaje? Maneno yenyewe."

Nikatoa daftari, nikamsomea. Nilipofika "aje mikono mitupu" alishusha mchi chini, akaketi kando ya kinu, akalia kilio alichozuiwa mwezi wa kwanza.

Kwenye kona ya nyumba ilikuwapo ile ndoo ya asali, imefunikwa kwa kitambaa, haijaguswa. Nilidhani ataichukua. Nikaanza kulegeza kamba za mzigo nimfungie. Akaipita, akaufunga mlango, akaja akakaa nyuma yangu kwenye pikipiki.

"Twende," akasema. "Alisema mikono mitupu."

Maganga alikuwa amesimama barabarani kama alivyoahidi. Alimshika dada yake mkono, akampeleka kaburini, nami nikabaki na pikipiki. Nilisikia vilio vyao nikiwa mbali. Walipatana, lakini miezi ile haikurudi, wala mama hakumwona mtu aliyekuwa akimtazamia mlangoni. Hilo halina fundi.

Leo wewe una simu mfukoni, na utadhani mambo haya yamepitwa. Bado utafika mahali ambapo simu haiongei, na mtu atakushika usukani akakupa maneno. Kama huwezi kuyabeba, mwambie pale pale, mbele ya macho yake, ili atafute mwingine. Ukiyapokea, yafikishe yote, hata yale usiyoona maana yake. Kupunguza si kazi yako. Na ukishindwa njiani, rudi useme umeshindwa siku hiyo hiyo. Wanaweza kukasirika, lakini watakuwa bado na muda wa kwenda wenyewe. Mimi niliwanyang'anya muda huo kwa maneno matatu ya kumfurahisha mgonjwa.

Haya, funga mzigo wako vizuri. Acha akiba kwenye tangi kwa kilomita usizozipanga. Mungu akufikishe salama, mwanangu, wewe pamoja na kila ulichokabidhiwa, na popote utakaporudi kupita, wakutazame usoni bila kuangalia nyuma yako.