Kompyuta Ambayo Wifi Hajawahi Kuiona

Wifi yangu alitengeneza kompyuta ambayo hajawahi kuiona hata mara moja, akiwa amesimama nje kwenye manyunyu, mgongo wake ukiegemea ukuta chini ya dirisha. Haikufika nusu saa. Kila neno lililosemwa lilipitia kinywani mwangu, kwa hiyo naweza kueleza kwa mpangilio.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, nzee, na imekaa chumbani kwa baba yangu, kijijini kwetu Nkunga, kati ya kitanda na dirisha. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, na ukarani haujamtoka. Mchwa walipokula daftari lake la ukoo, alikusanya kilichobaki akakihamishia kwenye programu ndogo aliyowekewa na kaka yangu, inayofungua ubao wenye vikaratasi vya njano. Kikaratasi kimoja, nyumba moja. Wanaume anawakumbuka bila kuandika. Aliowaandika hasa ni wanawake: nani alizaliwa kwetu, akaolewa wapi, akamzaa nani.

Jumamosi ile wageni kutoka Mwakaleli walikuwa wanakuja kumposa binti wa kaka yangu. Katikati ya wiki tulisikia kwamba mama wa babu wa kijana anayeposa alizaliwa Nkunga. Kwetu damu moja haioani, hata iwe imeachana tangu kwa mababu. Kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, pande mbili hukaa zikaulizana ukoo, na kwa upande wetu wa kujibu ni baba. Saa mbili asubuhi aliibofya programu yake. Haikufunguka. Alibofya tena na tena, na ilipofika saa tatu akaniita.

Kaka alikuwa safarini na lori, simu haipatikani. Mwenye ujuzi aliyebaki ni mke wake, mama wa binti anayeposwa. Ana steshenari mtaa wa Bagamoyo, palepale mjini Tukuyu; anachapa barua, anatoa kopi, na watu humpelekea kompyuta zilizogoma. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba anamenya ndizi, hatua chache tu kutoka chumbani kwa baba.

Lakini mkamwana wa Kinyakyusa aliyelelewa kizamani hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani mpaka apite. Tunaita ukutila, yaani kuogopa. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Wifi hajalegeza, na baba hajawahi kumwomba alegeze. Kumtoa baba nje ili yeye aingie kusingesaidia, maana kile ndicho chumba anacholala.

Nilipomweleza, wifi alifuta mikono, akajifunika kitenge kichwani, akazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha.

"Haya, wifi. Mwulize anaona nini."

Baba alimsikia vizuri kama nilivyomsikia mimi. Alinitazama, akasubiri.

"Baba, anauliza unaona nini."

"Sioni kitu. Ndiyo shida yenyewe."

"Wifi, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie azime, awashe upya."

Ilizimwa, ikawashwa. "Mwulize kama lile jina limetokea kwenye kioo," wifi akasema.

"Jina gani?" baba aliuliza haraka, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

Wifi alilizunguka jina: "Mwambie jina la mwenye nyumba."

"Wenye nyumba tuko wengi." Mabega ya baba yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Limetokea, wifi," nikasema. "Na wewe baba, acha utani, wageni wako njiani."

Akabofya programu. Hakuna kitu. Wifi akauliza kama chini kabisa ya kioo kuna alama yake. Ipo. Ina mstari chini yake? Baba akavaa miwani. Upo. Basi aupeleke mshale wa mausi juu ya alama ile, asibofye.

"Kimetokea kipicha kidogo," baba alisema. "Cha njano. Kama stempu."

Nilimchungulia wifi. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, naye hakusogea.

"Mwulize kama kompyuta hiyo imewahi kuunganishwa na televisheni."

Baba na mimi tulitazamana. Krismasi iliyopita kaka alipitisha waya ukutani, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni ili watu waone vikaratasi vikiwa vikubwa. Televisheni ile ilishaondoka, alipewa dada yetu, na tangu hapo baba hakuwa ameufungua ubao wake. Siku hiyo wifi alikuwa jikoni tangu asubuhi, na hakuna aliyemsimulia.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi haijafa. Inafunguka vizuri kila anapoibofya. Ila inafungukia upande wa televisheni, na televisheni haipo."

Nimewahi kumwona mtu akimgeuza ndama ndani ya tumbo la ng'ombe, macho ameyaelekeza mlimani. Nilistaajabu, lakini yule alau alikuwa na mkono ndani. Wifi alikuwa na maneno yangu tu.

"Aibofye ile alama mara moja. Ashikilie kitufe kilichoandikwa Alt, abonyeze kile kirefu cha chini. Aachie vyote. Sasa abonyeze herufi M. Halafu mshale wa kushoto, aukandamize, asiuachie."

Baba aliukandamiza kwa kidole chake cha ukarani. Kwa muda hakikutokea kitu.

"Asiuachie," wifi akasema, kabla sijamwambia lolote.

Ukingo mwembamba wa njano ulichomoza kulia mwa kioo. Ukawa mpana. Majina yakaanza kuingia, bibi zangu, shangazi zangu, polepole, safu kwa safu, mpaka ubao wote ukasimama mbele yetu. Nilikuwa nimeushika ukingo wa meza bila kujua.

"Mwambie ndaga," baba alisema, yaani asante, na utani ulikuwa umemtoka. "Mwambie ndaga sana."

"Wifi, baba anasema ndaga."

"Nimepokea." Hakuondoka. "Mwulize pameandikwaje."

Baba alikitafuta kikaratasi cha nyumba ya babu yake, akasoma kwa sauti kubwa kuliko niliyoihitaji mimi niliyekuwa kando yake. Binti wa kwanza, aliolewa Kawetele. Wa pili, alifariki mdogo. Wa tatu, aliolewa Mwakaleli. Kwa nani? Hapo alikuwa amejiandikia: muulize shangazi.

Shangazi huyo tulimzika kabla baba hajapata nafasi ya kumuuliza.

Wageni walifika saa sita, wakala, wakaulizwa. Nao walijua tu kwamba bibi yao alitoka Nkunga. Jina la baba yake hawakuwa nalo. Wakasema kuna mama mmoja mzee kwao, watamwuliza, na ng'ombe hawakutajwa. Kijana bado anampigia binti simu kila jioni. Mama yule mzee ameshaulizwa mara mbili. Mara ya kwanza alitaja nyumba yetu, mara ya pili akataja ya jirani.