Usigeuke

Juzi binti wa dada yangu alinisukumia simu yake huku akicheka hadi machozi. "Anti, cheki huyu shosho!" Kwenye kioo mwanamke mzee alikuwa akipunga fimbo na kupiga kelele, "Usigeuke! Usigeuke!", muziki wa vichekesho ukimfuata. Nilimrudishia simu. Yule ni nyanya yetu.

Kama ulikulia huku Kajiado, unayakumbuka maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti kinachowaka, yenye harufu ya moshi. Nyanya aliyabeba kila asubuhi hadi soko la Noonkopir, mjini Kitengela, mimi nyuma yake na vikombe. Akina mama wa vibanda walimwita kutoka mbali, naye alisimama kwa kila mmoja akipiga gumzo. Alilipenda soko lile kuliko nyumba yake.

Ndipo vikaja vile vipindi vya maisha halisi. Kitengela nzima ikawa inatazama harusi za watu, ugomvi wa watu, vilio vya watu. Tulijazana kwa jirani mwenye televisheni mpaka chai ikapoa mikononi. Dada alipopata mchumba akaomba harusi yake ionyeshwe, na kamera zikafika bomani kwetu.

Kwetu bibi harusi hutemewa maziwa ya baraka, kisha huondoka kwa miguu bila kuangalia nyuma. Akiangalia nyuma, ameitupa ile baraka. Dada alikuwa ameshafika langoni, akilia polepole, mkubwa wa kamera aliposema, "Bibi harusi, geuka kidogo uone nyumbani. Watu watapenda sana." Nyanya alipiga kelele akamkimbilia yule mkubwa wa kamera na fimbo. Dada akageuka.

Kipindi kilipotoka, sehemu ya maziwa ya baraka walikuwa wameikata. Walibakisha fimbo, kelele na muziki wao. Kesho yake vijana wa bodaboda walitupokea sokoni kwa vicheko, wakimwita nyanya kwa lugha yetu: "Koko, usigeuke!" Nyanya alishusha kibuyu, akanishika mkono, akasema, "Twende nyumbani." Hakukanyaga Noonkopir tena hadi alipokufa. Wale watu sijawasamehe, na dada naye simwambii kwamba nimemsamehe.

Boma limeuzwa, sasa ni maploti yenye kuta za mawe. Picha ya nyanya hatuna. Mtoto alipotoka nje niliitafuta ile video kwenye simu yangu, nikaicheza tena na tena pamoja na muziki wake wa kejeli, kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kuisikia sauti yake.