Siku Niliyopasua Yai la Kukhu Anjelina

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wale wanaoongeza chumvi: mimi ndiye yule dada wa afya aliyebeba mayai ya nyanya wa watu bila ruhusa, akayaosha kwa sabuni, halafu akasimama mbele ya huyo huyo nyanya kumfundisha faida za mayai. Ndiyo, ni mimi Nafula. Chekeni mmalize ndipo niendelee.

Kwanza mjue kwamba mayai nayapenda, na si kidogo. Nimezaliwa hapa Burumba kwenye ploti, vyumba kumi choo kimoja, na pale kwetu kuku alikuwa anaingia akiwa ameshachinjwa, kwa hivyo yai kwangu lilikuwa kitu cha kutoka dukani kwenye trei, kama vile sabuni inavyotoka kwenye katoni. Sasa nilipoanza kujitolea kutembelea nyumba za watu kwa mambo ya afya tukapelekwa semina ya lishe, na mwalimu akatugawia kila mtu yai moja akasema, "Liminyeni." Nikaliweka katikati ya kiganja, nikafunga vidole, nikaminya mpaka shingo ikatoka mishipa, na yai likakaa tu. Ganda jembamba hivyo! Kuanzia siku hiyo nilishikwa. Nikawa mtu wa kusimama pale karibu na mpaka kuangalia vijana wanavyotoka upande wa Uganda na baiskeli, trei zimepangwa mpaka zimempita dereva kichwa, zimefungwa kwa mpira wa tyubu, anaruka mashimo yote ya barabara na hakuna linalopasuka (mimi nikibeba glasi mbili tu kutoka jikoni moja lazima ife).

Eneo nililopewa lilikuwa Bukhayo, na huko kulikuwa na mtoto aliyekuwa ananikosesha raha. Aliitwa Wandera, alikuwa anakaribia miaka miwili, na kila akipimwa uzito ule mstari kwenye kadi yake ulikuwa umelala, na mwezi uliofuata ukaanza kushuka. Mama yake, Nabwire, alikuwa anatoka asubuhi kwenda kuuza nyanya mpakani na kurudi jioni, kwa hivyo mtoto alikuwa analelewa na nyanya yake, Kukhu Anjelina (kukhu ndiyo nyanya kwa lugha ya huko). Uji ulikuwepo, mboga zilikuwepo, lakini Wandera alikuwa anakula vijiko vitatu anageuza uso. Sista wa kliniki akasema huyu apewe yai, hata kama ni siku moja ndiyo siku moja hapana, maana tumbo lake ni dogo na yai linabeba mengi katika kidogo. Kukhu Anjelina akakataa kabisa.

"Ukila yai umekula kuku," aliniambia, "umekula na watoto wake, na watoto wa watoto wake. Na tena mtoto akionja hiyo utamu, kesho ataenda kuchukua ya jirani. Mayai inafanya mtoto anakuwa mwizi."

Nilimbembeleza mara tatu, akanikaribisha chai mara tatu, na jibu likabaki pale pale. Nabwire naye angefanya nini, huyo ni mama mkwe wake na ndiye mwenye jiko. Mwishowe sista akapanga siku ya mafundisho pale kliniki, kina mama wote waje, na akaniambia pembeni, "Nafula, wewe una mdomo. Kukhu atakaa mbele. Wandera anakutegemea."

Siku ikafika. Nilinunua trei ya mayai ya gredi, yale ya kuku wa kizungu, nikaipakata kwenye boda boda mpaka kwa kina Nabwire, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana kwenda pamoja. Kukhu alikuwa ameshatangulia kutafuta kiti. Nabwire alikuwa ndani anamvalisha mtoto, mimi nikabaki nje nazunguka zunguka, na nyuma ya jiko nikaona karai kuukuu lina nyasi kavu na ndani mayai ya kienyeji, matano, yametulia tu, wala kuku hayuko karibu. Hapo ndipo shetani wangu alipoamka. Nikawaza, hawa kina mama wanasema mayai ya gredi ni maji tu kwa sababu kiini chake hakina rangi, sasa nikipasua la kienyeji na la gredi kwenye sahani moja, nikawaeleza kwamba rangi ya kiini inatoka kwa chakula cha kuku, anayekula majani kiini kinaiva rangi na anayekula chakula kisicho na rangi kinapauka, na nguvu ni karibu ile ile, si nitawamaliza? Nikajiambia Kukhu nitamwambia baadaye. (Hilo neno "baadaye", jamani.)

Mayai yenyewe yalikuwa na uvundo kidogo wa kuku, na kila moja lilikuwa na mistari miwili myeusi. Mimi mtoto wa ploti nikaona ni masizi, nikasema moyoni, maskini Kukhu, jiko lake linatoa moshi mpaka linachafua mayai. Nikayapeleka kwa mtungi, nikayasugua kwa sabuni yakang'aa. Hata hilo la kuosha nilikuwa nimefundishwa nisifanye, kwamba ganda lina vitundu vidogo sana ambavyo yai linapumulia na juu yake kuna utando wa kulilinda, lakini siku hiyo nilitaka kupendeza.

Kliniki ilijaa. Kukhu alikuwa kiti cha kwanza kabisa, ameweka mkoba kwenye mapaja, amenikazia macho. Nikaanza na ule mchezo wa kuminya, nikamwita kijana wa boda boda aliyenileta, mwenye mikono ya kunyanyua magunia, akaminya yai la gredi mpaka akafumba macho, na kina mama wakapiga makofi wakimwambia aende akale ugali kwanza. Mambo yalikuwa matamu! Nikawaambia kuku akitaga analitoa likiwa limefungwa kabisa, halihitaji karatasi wala friji kwa siku kadhaa, na ukiwa na maji kwenye beseni unajua umri wake bila kuuliza mtu: likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa kidogo, likielea lizike. Nikatumbukiza matatu ya gredi, yakalala chini kwa heshima zao.

Kisha nikatumbukiza yale ya kienyeji. Yote matano yakaelea. Na si kuelea tu, moja lilikuwa linatikisika lenyewe, linaruka ruka kidogo kwenye maji.

"Dada Nafula," mama mmoja akaita, "hiyo yai inacheza!"

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani akafunika beseni. Mimi nikacheka nikasema, "Hiyo ndiyo nguvu ya kienyeji, mama!" Uongo mtupu, sijui ulitoka wapi. Wakapiga makofi tena, na yale makofi ndiyo yaliyonimaliza. Nikachukua lile linalocheza, nikalinyanyua juu, nikaongeza sauti: "Kina mama, angalieni maajabu ya Mungu! Humu ndani mna kila kitu. Mifupa imo, damu imo, macho na kucha zimo, hakuna anayeongeza chochote isipokuwa joto!" Nikaligonga kwenye ukingo wa sahani, paa.

Na kweli vyote vilikuwemo. Macho yalikuwemo. Kucha zilikuwemo. Na manyoya yalikuwemo, yamelowa.

Nilipiga mayowe mimi wa kwanza, halafu kina mama, halafu watoto wote waliokuwa kliniki. Sahani ikanitoka mkononi, mmoja akakimbia na kiti kimemnasa kwenye leso, sista akatoka ndani na sindano mkononi akiuliza nani ameanguka. Katika kelele zote hizo Kukhu Anjelina peke yake hakukimbia. Alikuja polepole mpaka kwenye beseni, akatoa yale manne yaliyobaki, akayapangusa kwa leso yake, akayageuza geuza.

"Ulitoa wapi hizi?"

Nabwire aliangalia chini.

"Nauliza tena. Hizi ni mayai zangu nilikuwa nimewekea kuku yangu ya madoadoa. Ilikuwa imebaki siku sita. Alama ya mkaa iko wapi?"

"Alama gani, Kukhu?"

"Si nilizichora na mkaa! Kuku ingine ikija kutaga hapo, najua gani ni mpya na gani imelaliwa. Alama yangu iko wapi?"

"Niliosha," nikasema, kwa sauti ya nzi.

Kukhu akageukia kina mama, akanionyesha kwa kidole. "Huyu ndiye ametoka Burumba kuniambia ati mayai haifanyi mtu kuwa mwizi!"

Jamani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule kijana wa boda boda alishikilia nguzo. Mimi nililia, nawaambia ukweli, nililia machozi, si kwa ajili ya aibu peke yake bali kwa sababu nilimwona Wandera mgongoni mwa mama yake, mikono myembamba vile, nikajua nimemharibia.

"Kukhu, nisamehe," nikasema. "Nimekukosea. Lakini mtoto usimhukumu kwa makosa yangu. Hiyo trei ni ya gredi, haina shida."

"Nani amekwambia haina shida? Wewe hujui yai ni nini."

"Kuku wa gredi wanafugwa bila jogoo. Hilo yai hata likilaliwa mwezi mzima halitoki kitu."

Akanitazama. "Bila jogoo?"

"Hata mmoja, Kukhu."

"Kwa hivyo hakuna kuku ndani."

"Hakuna. Halijawahi kuwa na kuku na haliwezi."

Sasa angeniamini vipi mimi, na kile kitu bado kiko sakafuni? Hakuniamini. Alichukua yai moja kwenye trei, akalipeleka mlangoni kwenye jua, akaviringisha kiganja kama mtu anayechungulia kwenye bomba, akaangalia kwa jicho moja. Akarudi akalipasua kwenye sahani safi. Kiini na ute tu. Akachukua la pili akafanya vile vile, la tatu, la nne, na kina mama walikuwa wamerudi wote wamemzunguka, na mimi machozi yakanikauka nikimwangalia. Miaka yote hiyo mama huyu alikuwa anayasoma mayai kwa kiganja na jua, wala hakuwahi kuketi kwenye semina yoyote.

"Huyu kuku hatagi mtoto," akasema mwishowe, kama anayejiambia. "Anataga chakula tu." Akageuka. "Sista, uko na sufuria?"

Yale manne yaliyopasuliwa yalipikwa pale pale kwenye stovu ya sista. Kukhu akakaa, akampakata Wandera, akampulizia kijiko cha kwanza. Wandera akakila. Akala cha pili, cha tatu, na cha nne alikifuata mwenyewe kwa mdomo wazi, na Nabwire akageuka akauficha uso wake ukutani.

Kuku wa madoadoa alirudishiwa mayai yake manne na aliangua mawili (mengine nayabeba kwenye dhamiri). Nilimpelekea Kukhu kuku jike mzima na nikaomba msamaha upya mbele ya wakwe wote wa Nabwire. Na nimeapa: sitagusa kitu kwenye boma la mtu kwa kutegemea hilo neno "baadaye", hata liwe jani la mwarobaini.

Mwezi wa tatu baada ya hapo tulikuwa kliniki tena, mstari wa Wandera ukawa umeinuka, sista akainyanyua ile kadi kuwaonyesha kina mama na kuwauliza nani anaweza kueleza kilichofanyika. Nikafungua mdomo. Kukhu Anjelina alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," akasema, "niligundua kuna yai haina kuku. Huyu Nafula alikuwa tu ananibebea trei."

Nikafunga mdomo, nikapiga makofi kuliko wote.