Koti la Marehemu na Tumbili wa Kamachumu

Jumapili iliyopita nilikuwa Kamachumu, uani kwa shangazi yangu mjane, tukimenya ndizi. Ghafla tumbili dume akarukia beseni letu. Mimi, mwanaume mzima mwenye safu gazetini, nikajikuta nyuma ya pipa la maji.

"Waitu shemeji, tumbili hawaogopi wanawake," akasema kwa neno la heshima la huko mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuja kumshawishi amwachie kibanja, ile migomba yote nyuma ya nyumba, eti kinahitaji mwanaume. "Vaa koti la kaka, atakimbia."

Shangazi akakaza kanga kiunoni, akashika mwiko, akamsogelea tumbili mpaka wakatazamana.

"Mwenye kibanja ni mimi, na gauni langu hili hili. Toka!"

Tumbili akaruka, akapitia begani kwa shemeji na kuondoka na kofia yake. Shemeji naye akatimua mbio hadi barabarani.

"Shemeji!" shangazi akamwita. "Rudi uchukue koti, wewe ndiye unalihitaji!"

Nasikia wanaume wa ukoo wanataka kukaa kikao waamue kibanja ni cha nani. Wamechelewa. Tumbili ameshaamua.