Kanzu Ilirudi Nyeupe, Dada Akanifungia Mlango

Gari lile limenigharimu dada. Nimehesabu mara mbili: nilikuwa naye mmoja, sasa sina. Kosa ni langu. Msinitafutie udhuru, ungekuwapo ningekwisha kuutumia.

Nayaandika haya kwa Kiswahili alichoniachia baba, muuza nguo. Hapa Mahajanga majirani husema Kimalagasi na Kikomoro, na sina haja wasome wanayoyajua tayari.

Nilikuwa nimevuka sitini na tano, mgane, duka nimelifunga. Nikaenda kisiwa cha Nosy Be kuwazuru jamaa zangu wa Marodoka, nikakuta bwana mmoja wa Dzamandzar anahama, maana kiwanda cha sukari cha huko kilikuwa kimefungwa. Anauza katkat ndogo ya milango miwili, turubai juu. Katkat ndilo jina letu la gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilimwacha apange masanduku yake kwanza, ndipo nikataja bei. Mtu aliyekwisha funga vyombo habishani sana.

Nikalivusha hadi Mahajanga. Wallahi lilinirudishia ujana. Asubuhi naenda pwani ya Antsanitia kununua samaki kilo moja, narudi na mchanga kilo mbili. Dada, aliyenitangulia kuzaliwa, alinitazama akasema, "Wenzako wakizeeka hununua tasbihi. Wewe umenunua toroli."

Tulicheka. Wakati huo tulikuwa tunacheka.

Kisha mumewe akafariki, mvua zikiwa zimepamba moto. Njia ya makaburini ina bonde la udongo mwekundu. Kwetu maiti hubebwa mabegani, watu wakipokezana, kila mmoja apate thawabu yake. Mimi nikaona hapo ndipo mahali pa gari langu. Nisiongope: sikumfikiria shemeji. Niliwafikiria wale wa barazani waliokuwa wakisema nimenunua kichezeo.

Saidi, mwana wa marehemu, akanizuia. "Mjomba, baba atabebwa."

"Mtateleza mumwangushe."

"Tukiteleza, tutateleza naye. Acha."

Nikampita nikamwendea dada mlangoni. Alikuwa amechoka kulia. "Utanifikishia mume wangu salama?" akauliza.

"Magurudumu manne, dada."

Akakubali kwa kichwa. Sijawahi kupewa kitu kwa bei rahisi kama ile.

Gari fupi, jeneza refu. Theluthi nzima ilining'inia nje nyuma, Saidi na wenzake wakitembea wamelishika kwa hasira.

Sasa, katkat za zamani kama ile, magurudumu ya mbele hayavuti mpaka ushuke, uiname, uyafunge kwa mkono pale kwenye kitovu cha gurudumu. Nililijua hilo. Tulipofika bondeni nikalitazama tope, nikaitazama kanzu yangu mpya, imepigwa pasi mara mbili. Sikushuka. Nikakanyaga mafuta.

Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakazama. Gari likainama upande. Jeneza likateleza, wakalidaka. Halikuanguka, namshukuru Mungu, lakini tope liliruka likajaa kwenye shuka lililolifunika.

"Manne yako wapi, mjomba?" Saidi akauliza. Wala hakupaza sauti. Wakamchukua baba yake mabegani, wakaniacha nimekaa na usukani wangu mpaka gari lilipovutwa likatoka topeni.

Baada ya mazishi shuka likarudishwa nyumbani kufuliwa. Dada akaliona jinsi lilivyo jekundu. Kisha akaniona mimi, mweupe toka ukosi hadi pindo. Hakuhitaji kuelezwa, ila Saidi alimweleza.

"Kumbe hukushuka," akasema. "Mdogo wangu, toka kwangu."

Huu ni mwaka wa pili. Barazani nikitoa salamu wanaitikia, kwa kuwa kuitikia ni faradhi, na hakuna anayeongeza neno. Vijana wa mtaani wananiita Mzee Mawili. Gari limekaa uani. Kuku wanalala humo, nao pia hawanisemeshi.

Wazee wenzangu, nunueni mtakacho. Hakuna sheria kwamba mtu akiota mvi akae akingoje kifo kitini. Ila msimpakie mtu kwenye majivuno yenu, hasa yule asiyeweza kuomba ashushwe.

Juzi dada ametuma neno. Nikitaka msamaha niende kwake Ijumaa, watu wakitoka msikitini, niende kwa miguu, wanione. Nami nina goti bovu, na ninakaa mbali, nje ya mji. Nikamtumia jibu la kupunguza: nije kwa gari hadi sokoni, nimalizie kwa miguu? Hakujibu.

Basi naomba ushauri. Nikipanda posiposi, kile kigari kinachovutwa na mtu, si kuna anayetembea?

Najua mtakavyonijibu. Haya, anayejua dawa ya goti aniandikie kabla ya Ijumaa.