Mama Mkwe Alisema Nipaki Mchangani

Mkaguzi wa bima aliingia chini ya gari langu na tochi, akatoka na kaa.

Kaa mzima, hai, anapunga gando.

Akamweka juu ya boneti, akajifuta mikono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka Uweso, na huyu naye umemkatia bima?"

Mafundi wote gereji wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ile Noah ndiyo inayonilisha, na Ramadhani ilikuwa imeshaingia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nakaa Usagara. Nimeendesha bajaji miaka mingi mpaka Mungu akanijalia nikanunua Noah. Nabeba watu wa harusi, wa misiba, nabeba na mizigo. Lakini msimu wangu hasa ni Ramadhani. Nafuata magimbi, mihogo na machungwa mashambani Maramba, nawaletea wauza futari mjini. Mwezi ule mmoja ndio unaonivusha mwaka.

Sasa, mke wangu Suhaila ana mama yake. Anaitwa Bi Chiku.

Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila nilimuoa mwanawe nikiwa dereva wa bajaji, na tangu siku hiyo sijawahi kumsikia akinitaja kwa jina. Watu wakimuuliza mkweo anafanya nini, anasema, "Ah, yupo yupo tu mjini."

Hata nilipopata gari hakunipongeza. Alilizunguka mara moja, akasema tairi la nyuma halina upepo, akaingia zake ndani.

Na kwetu mkwe hajibiwi. Ukimwona anakuja unazima redio, unaweka kofia sawa. Akisema ndiyo ni ndiyo. Akisema siyo, hata kama ni ndiyo, basi siyo.

Mwisho wa Shaabani tukaenda kuvunja jungu. Kwa msiojua, ndiyo kule kula kwa kuagana na mchana kabla ya kufunga. Ukoo mzima mnabeba masufuria mnakwenda kula ufukweni.

Sisi tulikwenda Kigombe, njia ya Pangani. Tumefika asubuhi bahari imekupwa, maji unayaona kule mbali, na mchanga mkavu umetandaa mbele yako unakukaribisha.

Wenye magari wote wakapaki juu, kwenye minazi. Na mimi nikawa naelekea huko huko.

"Baba Maryam."

Mama mkwe huyo, kutoka siti ya nyuma. Maryam ni binti yangu.

"Naam, mama."

"Wenda wapi huko? Teremka nalo chini, karibu na jamvi letu."

"Mama, kule chini ni mchangani."

"Mie masufuria yangu hayabebwi mwendo wote huo. Paki papa hapa."

Nikapaki papo hapo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Tukala pilau, tukala samaki wa kupaka, tukamalizia na mkate wa kumimina. Wazee wakaanza kubishana kama mwezi utaandama jioni ile au kesho yake.

Kila mtu anauwaza mwezi. Na katika ukoo ule wote wa watu waliozaliwa pwani, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwezi ukikaribia kuandama, maji yanakuwa ya bamvua. Yale maji makubwa ambayo yakiamua kujaa yanajaa mpaka yasikozoeleka.

Mimi nilishiba nikajilaza kivulini. Akaja kuniamsha Maulid, shemeji yangu.

"Shem, gari lako linaoga."

Nikajua ananitania. Kuinuka, naiona Noah imesimama ndani ya bahari, maji yamefika usawa wa chini ya milango. Wimbi linaingia kwa mbele linatokea kwa nyuma. Kila likipiga, huko chini kunalia pwaa, na kipande cha plastiki kikachomoka, kikaanza safari ya kwenda Pemba bila mimi.

Wanaume wakavua kanzu, tukasukuma. Injini hatukuiwasha, na hilo ndilo lililotuokoa. Bi Chiku alisimama pembeni amekumbatia sufuria lake lisilobebwa mwendo mrefu. 

Gari likavutwa mpaka gereji kwa fundi Godlisten. Akalinyanyua, akalipigapiga tumbo, akatikisa kichwa.

"Injini nzima," akasema. "Ila huku chini hamna kitu. Kava zote zinazokinga tumbo zimeng'oka, na zilizobaki zimejaa mchanga wa kujengea choo. Haya maji ya chumvi yakiachwa humu, bati linaoza. Halitoki hapa mpaka lioshwe na kava zibadilishwe."

Mimi moyo haukuruka sana. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, tena ya biashara. Nikapiga simu, wakaniletea mkaguzi. Dada mmoja mtaratibu anaitwa Consolata.

Ndiyo huyo aliyetoka na kaa.

"Kaa nimemwelewa," akaniambia. "Nisiyemwelewa ni wewe. Mzaliwa wa wapi?"

"Tanga."

"Na baba?"

"Tanga."

"Na babu?"

"Mvuvi," nikasema, nikajuta hapo hapo.

Akatabasamu. "Mimi ni wa Rombo, kaka. Bahari nimeiona ukubwani. Lakini hata mimi nimeshajua kwamba mwezi ukitaka kuandama, maji yanapanda sana. Sasa wewe, mjukuu wa mvuvi, unashusha gari mpaka mchangani na wenzako wote wako juu kwenye minazi. Kwa nini?"

Nikajifanya namtazama kaa.

"Bahati mbaya tunalipa. Makusudi hatulipi. Wapo watu wakilichoka gari wanalitosa wenyewe ili walipwe. Nipe sababu yako, nami nikuelewe."

Sababu ninayo. Lakini naitoaje? Nimtaje mama mkwe kwa watu wa bima? Ije kujulikana mji mzima kwamba Uweso kamshitaki mkwewe kwa kosa la kuzamisha gari? Kesi ya gari ina mwisho. Ya mkwe haina.

"Nilijisikia tu," nikasema.

"Ulijisikia."

"Ndiyo, dada."

"Nitarudi kesho kutwa. Nikikuta bado unajisikia, madai yako nayakataa."

Nyumbani Suhaila alinijia juu.

"Si useme ni mama?"

"Sisemi."

"Na gari likikaa gereji, mwezi mzima tutakula nini?"

"Tutafunga."

"Na magharibi?"

Nikaenda kukaa barazani, nimenuna. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua nilichokuwa nakipoteza ni riziki ya wanangu, na bado mdomo ulikataa.

Kumbe mwenzangu alinyanyua simu akampigia mama yake.

Siku ya Consolata kurudi, jua limewaka, midomo imekauka kwa funga, bajaji ikasimama mbele ya gereji. Akateremka Bi Chiku, baibui lake limenyooka, miwani ya safari usoni.

Nikatafuta pa kujificha. Ningejificha nyuma ya gari, lakini lilikuwa limenyanyuliwa juu.

"Nani hapa anayemwita mkwe wangu mwongo?"

Consolata akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni weye?"

"Sijamwita mwongo, mama. Nimesema tu haniambii kwa nini alipaki pale."

"Atakwambiaje, na aliyemwambia ni mie? Mie ni mkwewe. Yeye alitaka kwenda minazini, nikamteremsha mie."

Nikaona nimwokoe. "Masufuria yalikuwa mazito," nikadakia.

"Nyamaza, Uweso."

Ndugu zangu, miaka yote ile. Ndiyo mara ya kwanza namsikia analitamka jina langu.

"Masufuria yana uzito gani?" akaendelea, sauti imeshuka. "Ilikuwa sababu ya Mwatum."

Bi Mwatum ni binamu yake. Mkwe wa Bi Mwatum anafanya kazi bandarini, ana gari zuri, na hakuna shughuli mjini ambayo hatujasimuliwa habari za gari hilo.

"Kila harusi, gari la mkwe wangu. Kila msiba, gari la mkwe wangu. Nimechoka mie," akasema Bi Chiku. "Siku ile jamvi lake lilikuwa mbele ya letu. Nikataka kila akinyanyua tonge aione Noah ya mkwe wangu. Huko minazini angeionaje? Na huyu mwanangu gari lile hakupewa na mtu. Kalitafuta kwa bajaji, na jua, na mvua."

Fundi Godlisten akawa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Mimi nilishindwa kumtazama. Machozi yalinilenga, na mwanaume amefunga, nikasingizia vumbi. Miaka yote nilidhani ananionea haya, kumbe mama wa watu alikuwa anatafuta pa kunionyesha.

Consolata akazima tochi yake.

"Mimi mama mkwe wangu yuko Rombo," akasema. "Mwaka jana aliniambia nipite na gari katikati ya migomba yake ili mawifi wanione. Nilinasa mpaka wakaja watu na majembe."

Bi Chiku akamtazama kwa mara ya kwanza kama binadamu mwenzake. "Na walikuona?"

"Waliniona, mama. Ndio walioshika majembe."

Halafu akanigeukia. "Kaka, huu ni uzembe mtupu. Uzembe tunalipa. Watu wasingekuwa wazembe, sisi tungekula wapi? Nilichokuwa naogopa ni kile ulichokuwa unakificha."

Bima ikalipa. Kava zote za chini mpya, tumbo likaoshwa chumvi, likapigwa dawa ya kutu. Mfungo haujafika nusu, mimi nikawa njia ya Maramba.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku ile ile, nilipomsindikiza mama mkwe kwenye bajaji yake. Nilitaka kumshukuru. Akaninyooshea kidole.

"Usinambie kitu. Nimefunga, usije ukaniliza bure."

Akaingia, akajikalisha. Dereva wa bajaji akamuuliza, "Mama, huku gereji ulimfuata nani?"

Bi Chiku akapaza sauti, na barabara nzima ikasikia.

"Mkwe wangu. Uweso. Ana Noah yake, leo imepumzika tu."

Somo langu fupi. Mtu wa bima akikuuliza kwa nini, mwambie kwa nini, hata kama inakutia haya, maana anayeficha ndiye anayeonekana mwizi.

Na kama una mama mkwe, kata bima kubwa.